Kila nikikaribia hedhi huanza kuwashwa: je, ni uchafu wangu?

Shangazi, asalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni, usiku, watoto washalala. Nina miaka 27, nimeolewa mwaka wa 8 huu, na tuna watoto wawili. Mume wangu ni mvuvi. Huenda dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kiwayu akakaa wiki mbili, mara nyingine tatu, ndipo arudi. Tunaishi nyumba moja na mama yake.

Shida yangu ina mwaka na nusu sasa. Siku tano au sita kabla sijaingia mwezini huanza kuwashwa ukeni, hata kukaa mbele za watu huwa tabu. Hutoka uchafu mweupe mzito mithili ya tui lililokatika, na hauna harufu. Nikikojoa pananichoma. Damu ikianza, siku ya pili mambo hutulia kana kwamba hapakuwa na kitu. Namaliza hedhi, nakoga josho, namshukuru Mungu. Lakini baadhi ya miezi, siku mbili tatu baada ya josho, hutokwa na maji ya kijivujivu yenye shombo. Mwanzo nilidhani ni nyavu za mume wangu, maana shombo hilo huzidi akirudi. Nikafua mashuka yote, nikafua na shati zake. Hazikuwa nyavu.

Juu ya hayo kuna homa. Karibu na hedhi mwili wote huuma, kichwa, magoti, kiuno, tumbo hulegea, nasikia baridi. Huenda duka la dawa nikaeleza, nikapewa dawa ya malaria pamoja na vidonge vya rangi mbili vya kuua viini. Nimehesabu: tangu Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, nimemeza dawa ya malaria mara 5, wala sijadungwa kidole hata mara moja.

Mama mkwe ananipenda, sitasema uongo. Lakini yeye husema hedhi ndiyo inayotoa maradhi mwilini, na mwanamke asiyejisafisha vyema ndani, taka ile hubaki ikaoza. Akanifundisha alivyofundishwa yeye na somo wake: hedhi ikikoma nijioshe ndani kwa kidole na maji ya shabu, kisha nikae juu ya chetezo cha udi. Mimi nikaongeza dawa ya kuulia viini, matone machache kwenye kata ya maji. Kadiri ninavyoosha ndivyo inavyorudi. Sasa naosha kila siku, mara mbili, mara tatu, hata visamaki vyetu vya birikani vimenizoea, nikisogea havikimbii. Vitambaa vyangu vya hedhi ni leso kuukuu, nafua kwa sabuni na kuanika huko huko chooni nyuma ya mlango, watu wasione.

Jirani mmoja ameniambia mwanamke akiwa hivi basi mume ana mwingine huko dago. Neno hilo limeniondolea usingizi. Sijamuuliza mume wangu, wala sijui nitaanzaje.

Nambie kweli, Shangazi. Hedhi husafisha maradhi au huyaleta? Na mimi, ni mchafu? Hospitali naona haya kwenda, Lamu ni ndogo, foleni nzima itakuwa watu wanaonijua.

Wako mwana,
Asiyelala, Langoni

Mwanangu, wa aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale ulipouliza kama wewe ni mchafu. Nianze hapo. Hu mchafu. Unaosha kupita kiasi, na unakiosha kitu ambacho hakikuhitaji kuoshwa. Miaka niliyofanya kazi ya ukunga hapa Malindi, wanawake waliokuja wakisema maneno yako haya walikuwa karibu wote ni watu wasafi mno, wenye kuchota maji usiku wa manane ili wasisikiwe.

Umenifaa kwa jambo moja kubwa: umetaja siku. Wengi husema tu "nawashwa, Bi", ukamuuliza lini, hajui. Wewe umesema siku tano au sita kabla, ukasema damu ikija pananyamaza, ukasema shombo huja baada. Kwa siku hizo naona dalili za mambo mawili tofauti, kila moja na upande wake wa mwezi, nawe umekuwa ukiyatibu kama jambo moja.

Lile la kabla ya hedhi, lenye uchafu kama tui lililokatika, lisilo na harufu, lenye kuwasha na kuchoma, lafanana na fangasi wa ukeni. La baada, la majimaji ya kijivu na shombo, lafanana na kile wahudumu wa afya wanachokiita maambukizi ya bakteria ukeni. Nasema lafanana, kwa sababu mwenye kusema ndilo ni kipimo, na kipimo hujafanyiwa. Tutafika huko.

Umetaja visamaki vya birikani. Wasomaji wa bara hawavijui, niwaeleze: katika nyumba za mawe za Lamu, chooni hujengwa birika la kuhifadhi maji, na humo watu hutia visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Tangu uolewe nyumba hiyo, umewahi kumwona mama mkwe akimimina dawa ya kuulia viini birikani ili maji yawe safi zaidi? Hathubutu. Visamaki vitaelea, na wiki ijayo mbu watawatoa chumbani.

Ukeni nako mna visamaki vyake. Ni bakteria wema, jamaa za hao wanaogandisha maziwa mabivu. Wanakula sukari iliyohifadhiwa katika ngozi laini ya ndani na kuigeuza asidi, ndiyo maana mwanamke mzima asiye na ugonjwa wowote ana kauchachu. Uchachu huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uchachu unavyozidi. Maji matupu ni 7. Uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5. Viini vingi vya maradhi haviwezi kustawi kwenye uchachu huo. Huo ndio ulinzi wako wa kwanza, umeumbwa nao, na kila kata ya maji ya dawa unayojipitishia ndani yauvunja. Shabu nayo hukausha na kuchubua, hata kama hukusikia maumivu.

Sasa mwezi. Tuhesabu siku ya 1 kuwa siku damu inapoanza. Wastani wa mzunguko ni siku 28, lakini kuanzia 21 mpaka 35 ni sawa kwa mwanamke mzima, usijilinganishe na jirani. Baada ya damu kukoma, homoni ya estrojeni hupanda. Hiyo ndiyo inayoinenepesha ngozi ya ukeni na kuijaza sukari, basi wale walinzi wakala wakaongezeka. Yai likikaribia kutoka, ute huwa mwepesi wenye kuvutika kama ute mweupe wa yai la kuku. Huo ni wa heri, wala si ugonjwa. Nimeona wasichana wakinywa dawa kwa ajili ya ute huo, na roho iliniuma.

Yai likishatoka, homoni ya pili, projesteroni, hushika zamu. Hapo mwili hufanya jambo ambalo mimi, mwenye kuwazalisha wanawake miaka yote hiyo, bado hunishangaza. Unajiandaa kumpokea mgeni. Mtoto, nusu ni wa mama na nusu ni wa baba, na askari wa mwili kazi yao ni kushambulia chochote kisicho cha mwenyewe. Basi ili mimba ikitunga isishambuliwe, baadhi ya askari walioko njia ya uzazi huambiwa watulie. Ute wa mlango wa uzazi huwa mzito ukauziba mlango, hiyo ni badali yake. Lakini kwa ujumla kinga ya huko hupungua makali kwa siku kadhaa. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Wira na John Fahey, waliandika kwamba siku 7 hadi 10 baada ya yai kutoka ni wakati ambapo mwanamke huenda akaambukizwa Virusi vya Ukimwi kwa wepesi zaidi, kwa sababu hiyo hiyo ya ulinzi kulegezwa. Mlango haukufunguliwa, lakini umeegeshwa.

Hesabu sasa siku zako. Siku tano au sita kabla ya hedhi ziko ndani ya nusu hiyo ya pili ya mwezi. Sukari ingalipo, askari wametulia, na fangasi, ambao huishi kwa wanawake wengi kimyakimya bila kuwadhuru, hupata nafasi. Damu ikianza, homoni zimeshuka na uchachu umepungua, fangasi hawastawi tena, nawe wasema umepona. Hukupona. Zamu imebadilika.

Kwa sababu damu ina pH ya 7.4. Ikipita siku nne tano, uchachu waondoka na visamaki vyako vyapungua. Kwa mwanamke ambaye walinzi wake wana nguvu, hurejea upesi hedhi ikikoma. Kwako wewe wamekuta maji ya shabu na dawa yanawasubiri. Nafasi yao inashikwa na bakteria wengine, wale wa shombo. Na mume akirudi dago shombo linazidi, wala si kwa sababu ya nyavu: manii nayo hayana uchachu, yana pH ya juu ya 7, yakikutana na majimaji yale harufu huinuka. Ulifua mashuka bure, mwanangu.

Swali lako la hedhi kusafisha maradhi nalo lina haki yake, wala mama mkwe wako si mtu wa kwanza kulifikiria. Mwaka 1993 mwanamke Mmarekani, Margie Profet, aliandika makala ya kisayansi akisema hedhi iliwekwa ili ioshe viini vinavyopanda na manii mpaka kwenye mji wa mimba. Fikira nzuri, na wengi waliipenda. Miaka mitatu baadaye, 1996, mwenzake Beverly Strassmann akaipima kwa ushahidi. Ikiwa damu inaosha viini, viini vingekuwa vichache baada ya hedhi kuliko kabla, na hilo halikuonekana. Tena damu ina chuma, na chuma ni chakula cha viini vingi. Kwa hiyo hedhi kama josho la ndani la kutoa maradhi, hapana, haikuthibiti.

Basi hedhi ni nini? Ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba, uliotandikwa kwa ajili ya mtoto. Wanyama wengi hungoja mimba itunge ndipo watandike. Sisi twatandika kila mwezi kabla mgeni hajabisha hodi, na asipokuja, matandiko huondolewa. Wanyama wenye kutoka damu namna hii ni wachache sana: nyani kadhaa, baadhi ya popo, panya mmoja mwenye miba, na aina moja ya wale wanyama wadogo wenye pua ndefu kama mkonga wanaopatikana kusini mwa Afrika, jamaa za njule wetu wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndugu zangu wa Gede na Watamu wanamjua njule, yule mwenye matako ya dhahabu anayekatiza njia akiruka. Nataka umwambie mama mkwe hili: damu ile si taka iliyooza. Ni kitanda cha mtoto ambaye hakuja.

Mwili nao haukuacha kitanda kikiondolewa bila ulinzi. Ukuta ule ukibanduka hubaki kidonda kikubwa, na chembe nyeupe za damu humiminika huko kwa wingi, zikala mabaki na kupambana na viini, na baada ya siku chache kidonda kimepona bila kovu. Kila mwezi, kwa miaka 30 na zaidi. Sijui kidonda kingine mwilini chenye adabu hiyo.

Lakini siku hizo zina hatari moja ambayo sitaki uisahau. Ute uliokuwa ukiuziba mlango wa uzazi umeondoka. Mwanamke mwenye kisonono au klamidia kwenye mlango huo, hata kama hana dalili, viini vyaweza kupanda juu wakati wa hedhi au punde baada yake, vikaingia mirija. Ukisikia maumivu ya chini ya tumbo yasiyo ya kawaida yako, pamoja na homa, au uchafu wa usaha, au maumivu mkikutana na mumeo, usingoje Jumatatu. Nenda siku hiyo hiyo. Mirija ikiharibika, kupata mtoto huwa shida, na mimba kutunga nje ya kizazi huwa rahisi.

Sasa homa. Projesteroni hupandisha joto la mwili kwa kama digrii 0.3 mpaka 0.5. Hiyo ni kawaida kwa kila mwanamke baada ya yai kutoka. Kisha hedhi ikikaribia, mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili ujikaze na kutoa ukuta. Zikizidi, zingine huingia katika damu, na hizo ndizo zinazouma kiuno, zinazolegeza tumbo, zinazokupa baridi na uchovu kama mtu mwenye mafua makali. Mwenye duka la dawa akisikia baridi, viungo, na kichwa, mwanamke wa pwani, atasema malaria. Mara 5 bila kudungwa kidole! Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri malaria ipimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka ni tone moja la damu na robo saa ya kusubiri. Nunua kipimajoto. Kikisoma 37.5 au zaidi, nenda ukapimwe siku hiyo, kwa kuwa malaria ipo na inaua, na kuwa karibu na hedhi hakukukingi nayo. Kikisoma chini ya 37.5, chupa ya maji ya moto tumboni na dawa ya maumivu ya kawaida huenda vikakutosha. Kama una vidonda vya tumbo, muulize mhudumu ni dawa ipi ya maumivu inayokufaa.

Na vile vidonge vya rangi mbili. Hivi ndivyo vilivyonifanya niitue barua yako na kutembea chumbani. Fangasi si bakteria, vidonge vile havimgusi. Vinachofanya ni kuua walinzi wako, visamaki vyote, na kumwachia fangasi birika zima. Unawashwa, unapewa vidonge, vidonge vinaua walinzi, mwezi ujao unawashwa zaidi. Mwaka na nusu, mwanangu. Usimeze tena hata kimoja bila kipimo.

Kuhusu mume wako nitasema kwa uangalifu. Fangasi si ushahidi wa uzinzi, bikira naye hupata. Maambukizi ya bakteria nayo hayamshtaki mtu, ingawa kukutana kimwili kuna sehemu yake. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mke akitibiwa peke yake, katika wiki 12 ugonjwa huo uliwarudia wanawake 63 kati ya kila 100, lakini waume walipotibiwa pamoja nao ulirudi kwa 35. Kwa hiyo kipimo kikithibitisha ni huo, muulize daktari kuhusu matibabu ya nyote wawili. Lakini kuna vijidudu vingine, trikomona kwa mfano, ambavyo huletwa na kujamiiana, dalili zake zaweza kufanana na zako, na hedhi huvipa nguvu. Jirani yako hakuona chochote kwa darubini, na wewe vilevile. Nakushauri umwambie mumeo hivi akirudi, usiku watoto wakilala: "Baba fulani, naumwa sehemu hii, daktari akinipima huenda akatuhitaji sote wawili." Mseme ugonjwa kwanza. Dago liache mpaka kipimo kitoke. Na mpaka hapo, mkikutana, tumieni kondomu. Kama hataki, subirini.

Mama mkwe. Usimvunjie heshima, na usimwache agundue kwa jirani kwamba umeacha mafunzo yake. Alikufundisha alichopewa na somo wake, kwa mapenzi. Mwambie josho litabaki kama lilivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata huku pwani, josho ni maji kuenea mwili kwa nje, na kwa mwanamke aliyeolewa, ile sehemu inayoonekana anapochutama. Kupeleka kidole ndani hakumo katika sharti zake. Ukiona ana wasiwasi, mpelekee mwalimu wa kike wa madrasa amweleze yeye, litamwingia zaidi kuliko langu. Nje osha kwa maji matupu, mara moja au mbili kwa siku, ujipanguse mbele kwenda nyuma. Udi ufukize nguo, nywele na kitanda, unavyopendeza, lakini usikae tena juu ya chetezo.

Vitambaa navyo. Leso kuukuu ni nzuri, pamba haina ubaya, lakini kitambaa kilichokaukia chooni nyuma ya mlango hakikukauka, kimenyauka tu kikiwa na unyevu, na kwa unyevu wa Lamu kitaota ukungu. Vianike darini juani. Ukiona haya, tandaza kanga nyepesi juu yake, jua litapita. Msimu wa mvua, pasi ya moto mpaka kikauke kabisa. Badilisha kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama hakijajaa. Siku hizi kuna pia kikombe cha hedhi, na wanafunzi wa kike magharibi mwa Kenya waliopewa vikombe hivyo walionekana kuwa na maambukizi haya ya bakteria kwa uchache kuliko wenzao waliobaki na vifaa vyao vya kawaida. Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa ni rahisi kukizoea, mradi mikono iwe safi na kichemshwe kila hedhi ikikoma.

Hospitali ni lazima. Fangasi akirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka hahesabiwi tena kuwa jambo dogo la kununulia dawa dukani. Atataka kutafutiwa chanzo, na huenda ukahitaji dawa ya miezi kadhaa. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango, usiende foleni ya wagonjwa wa nje. Wanawake wanaokaa pale kila mmoja ana lake, na anayekuona atadhani umekwenda kwa ajili ya sindano. Omba muuguzi wa kike. Mwambie unataka upimwe majimaji ya ukeni, mkojo, sukari ya damu, Virusi vya Ukimwi na mimba. Usishtuke na sukari: kisukari kisichojulikana hulisha fangasi, na wengine hukijulia hapo. Mtajie kama unameza vidonge vya majira, vya kupanga uzazi. Usijioshe ndani wala usitie dawa yoyote siku mbili kabla ya kwenda, ili kipimo kione kilichopo, na nenda wakati dalili zipo, damu haijaanza.

Chukua karatasi, kalenda ya ukutani yafaa. Siku ya damu tia nukta nyekundu. Siku ya kuwashwa tia W, siku ya shombo tia S, siku ya homa andika namba ya kipimajoto, siku ambayo mume yupo tia M. Miezi miwili. Muuguzi akiiona kalenda hiyo atakusaidia zaidi kwa dakika tano kuliko vile angekusaidia kwa saa nzima ya maswali. Lakini usingoje miezi hiyo miwili ndipo uende, anza na ulichonacho, hizo siku tano sita ulizoniandikia.

Kipimo kikitoka, niandikie kimesema nini, na mumeo amesema nini.

Shangazi yako